Zamu au Mpangaji: Mifumo Miwili Ndani ya Laptopu Moja

Mwenyekiti wa kikao, walimu mliotufungulia ukumbi huu Jumamosi jioni, mafundi wenzangu wa hapa Tanga mjini, na ninyi wadogo zangu mliokuja na laptopu mgongoni: wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nimeitwa niseme juu ya jambo ambalo haipiti wiki bila mtu kuniletea dukani. Kijana anaingia, anaweka laptopu mezani, anasema, "Kaka, nataka Linux, lakini Windows usiitoe." Basi, anakaa kusubiri. Kwa maneno hayo machache kaniagiza vitu viwili tofauti kabisa, na mimi lazima nimrudishie swali: unataka mifumo hii miwili ya kuendesha kompyuta ikae kwa zamu, au unataka mmoja awe mwenye nyumba na mwingine mpangaji?

Zamu ndiyo hiyo wengine mnaiita dyuo buti. Diski inagawanywa, Windows inakaa huku, Linux inakaa kule. Ukiwasha laptopu, kabla ya kitu kingine chochote inatokea orodha fupi inayokuuliza leo unalala nyumba ipi. (Naona wazee wa safu ya mbele wanacheka. Wanajua ninachosema.) Ukichagua Linux, inachukua kila kitu: RAM yote, ile nafasi ya kufanyia kazi, prosesa yote, ule ubongo wa mashine, kioo, feni, kila kitu. Windows iko pale pale diskini imelala fofofo, haijui kinachoendelea. Ukiitaka, sharti umzime huyu kwanza ndipo umwamshe yule. Hawakutani hata siku moja.

Mpangaji ni habari nyingine. Windows yako iko macho, unaendelea na kazi zako. Ndani yake unaweka programu kama VirtualBox, na programu hiyo inakutengenezea kompyuta ya pili isiyokuwepo, mashine pepe. Diski yake ni faili moja kubwa lililoko kwenye diski yako. RAM yake ni kipande ulichomkatia kwenye RAM yako. Kadi yake ya mtandao ni maigizo matupu. Lakini Ubuntu unayoiweka humo, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, haijui. Inaamini imepewa nyumba nzima. Hiyo mnayoiona ukutani sasa hivi, dirisha lile la zambarau katikati ya Windows yangu, ndiyo huyo mpangaji. Tutamrudia, kwa sababu kabla hatujaondoka hapa nitamuua mbele yenu.

Nianze na aibu yangu, msije mkadhani naongea ya vitabuni. Mwaka 2014 shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa na studio ndogo ya picha. Laptopu yake ilikuwa na diski ya GB 500 iliyokatwa mara tatu: C ya Windows, D ya picha za wateja, na E tupu. D na E zililingana ukubwa, kama GB 150 kila moja. Mimi siku hizo nilikuwa na moto wa Linux, kila ninayemwona nataka nimsilimishe. Nikamwambia, "Shemeji, hiyo E umeiacha tupu ya nini? Nipe saa moja tu, nikuwekee Ubuntu humo." Akaniachia laptopu, akaenda kuswali Alasiri.

Sasa tazameni mtego ulipo. Windows inaziita sehemu za diski kwa herufi. Linux haizijui herufi hizo. Kisakinishi kikanionyesha sda1, sda2, sda3, sda4, na mbele ya kila moja ukubwa wake kwa megabaiti. Mbili za mwisho zinafanana kama pacha. Nikahesabu kwa vidole: C, D, E, kwa hiyo E ni ya tatu, kwa hiyo ni sda3. Nikasahau kwamba sda1 ni kile kisehemu cha MB 100 ambacho Windows 7 hukitenga kwa ajili ya kuwashia, na hicho haikipi herufi wala haikuonyeshi. Ya tatu ilikuwa D. Nikatia tiki kwenye kisanduku cha kufomati, nikabonyeza endelea, nikaenda kununua maji.

Aliporudi alikuta Ubuntu inang'aa, inapendeza kweli. Akauliza, "Picha ziko wapi?"

Tulikaa naye mpaka usiku wa manane. Kuna programu inaitwa PhotoRec, Mungu ambariki aliyeiandika, ikaturudishia picha nyingi. Ila PhotoRec hairudishi majina ya faili wala folda. Inachimbua picha moja moja kutoka kwenye diski na kuipachika namba. Harusi tatu zikachanganyika. Bibi harusi wa Muheza ukamkuta katikati ya wakwe wa Pangani. Dada yangu alikaa wiki mbili akizitenganisha kwa kutazama vitenge vya sare. Kosa lilikuwa langu kuanzia kichwani mpaka kwenye kidole, Ubuntu haina lawama. Lakini zingatieni kosa lenyewe: kwenye mashine pepe lisingewezekana. Kule kisakinishi kikikuuliza, "Nifute diski yote?" unajibu ndiyo huku unakunywa chai, maana diski anayoiona mpangaji ni lile faili lako moja tu.

Zamu inaanza kwa kupasua diski, na upasuaji una masharti yake. Laptopu nyingi zinazofika kwangu ni mtumba wa Ulaya, na betri zake ni za kuombea dua. Ukiwa katikati ya kupunguza sehemu ya Windows, data zinahamishwa kutoka huku kwenda kule, halafu umeme ukakatika na betri ikakataa, hapo umebaki na diski ambayo si ya Windows wala si ya Linux. Mimi kazi hiyo siifanyi bila bekapu nje ya laptopu. Mteja akisema hana pa kuweka bekapu, namwambia arudi akipata.

Siku hizi kumeongezeka kufuli jingine. Windows 11, hasa toleo la 24H2, ikisakinishwa upya kwenye laptopu ya kisasa na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi inaifunga diski yenyewe kwa msimbo wa siri bila kukupigia kelele. Hutajua kama imefungwa mpaka siku utakapogusa mpangilio wa kuwashia. Siku hiyo inakuja skrini ya buluu ikitaka ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo upo, umehifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika siku ile laptopu inaandaliwa. Akaunti ya nani? Hapo ndipo mafundi wenzangu mnainamisha vichwa. Ni ya fundi aliyekupigia Windows, alitumia imeili yake ili amalize haraka ahudumie mwingine. Kwa hiyo kabla hujafikiria zamu, ingia kwenye mipangilio, angalia kama diski imefungwa, na hakikisha ufunguo uko mikononi mwako, umeuandika kwenye karatasi.

Halafu kuna kero ndogondogo ambazo hakuna anayekutajia. Ya saa, kwa mfano. Kwenye bodi mama kuna saa inayoendeshwa na kabetri kadogo ka mviringo. Windows inaiandika saa hiyo kwa muda wa hapa tulipo. Linux kwa kawaida inaiandika kwa saa ya dunia, ambayo kwetu Afrika Mashariki iko nyuma saa tatu kamili. Unatoka Linux saa nne asubuhi, unaingia Windows, inakwambia ni saa moja. Sisi tumezoea saa kutupiga chenga, maana kioo kinasema nane nasi tunasema mbili, kwa hiyo kuna kijana alikaa mwezi mzima akidhani ndiyo kawaida ya kompyuta. Tatizo likaja kwenye intaneti: saa ikipotea sana, kurasa za benki na za chuo zinaanza kukataa kufunguka. Dawa yake ni amri moja upande wa Linux, timedatectl set-local-rtc 1, saa zikapatana. Lakini mpaka ujue.

Na kuna ile tabia ya Windows iliyoanza na toleo la 8, mwaka 2012: ukibonyeza zima, haizimiki kabisa. Inaandika kiini chake diskini, kilale, ili kesho kiamke haraka. Ukiingia Linux ukataka kuhifadhi kitu kwenye D, Linux inakataa kuandika, inakwambia mwenyewe hajafa, kalala tu. Inafanya vizuri kukataa, kwani ingeandika ingeharibu. Tabia hiyo unaizima kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, siku ya kwanza, kabla ya lolote.

Hata ukifanya yote kwa mikono safi, jirani anaweza kukuharibia. Agosti 2024 Microsoft ilitoa sasisho la usalama lililokusudiwa kuziba tundu kwenye programu za zamani za kuwashia. Lilikusudiwa kuziruka kompyuta zenye mifumo miwili. Halikuziruka zote. Watu duniani kote waliamka wakakuta Linux yao haiwaki, inatoa maneno mawili matatu ya kutisha kisha inazima. Hawakuwa wamefanya kosa lolote. Wanaokaa kwa zamu wanachangia mlango mmoja wa kuingilia, na mmoja wao akibadilisha kitasa, mwenzake analala nje.

Lakini hayo yote, wadogo zangu, yana tiba. Lisilo na tiba ni safari.

Chukueni kazi ya kawaida ya mwanafunzi. Mwalimu amewapa zoezi: andika programu ndogo kwenye Linux, iendeshe, piga picha ya matokeo, bandika kwenye ripoti ya Word, tuma kwenye kundi la WhatsApp kabla ya saa sita usiku. Aliye na zamu anaandika programu, anapiga picha, anazima. Anasubiri. Anachagua Windows. Anasubiri tena, maana laptopu ina diski ile ya kuzunguka na Windows imeamua leo ndiyo siku ya masasisho. Anafungua Word, anabandika, anagundua picha imekata mstari wa mwisho. Azime tena? Hazimi. Anaandika huo mstari wa mwisho kwa mkono, kwa kukumbuka, na anakosea.

Nimewawekea vijana zamu kwa miaka mingi. Laptopu ikirudi kwa ajili ya kioo au kibodi, namwomba mwenyewe ruhusa, nachapa neno last upande wa Linux nione ilifunguliwa mara ya mwisho lini. Mara nyingi ni wiki ileile niliyoiweka. GB 60 za diski zimekaa kama chumba cha wageni kilichofungwa kwa ufunguo uliopotea. Kijana hakuichukia Linux wala haikumshinda. Ilikuwa mbali tu, na kila kufika kwake kulitaka aache kila kitu anachokifanya.

Mpangaji yuko hatua moja. Alt na Tab. Tazameni ukutani: huku Word, huku Ubuntu, nanakili hapa, nabandika pale. Ndiyo maana wanaoanza nawaambia bila kigugumizi, anzeni na mashine pepe, na nasema hivyo nikijua inavyokula RAM.

Nizungumze kidogo inavyofanya kazi, kwa sababu ukielewa hili hutababaika siku inapogoma. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wetu humu. IBM walitangaza VM/370 mwaka 1972, mtambo mmoja mkubwa unaojigawa uonekane kama mitambo mingi, kila mtumiaji ana wake. Kwenye kompyuta hizi zetu ndogo ilichelewa sana. Kila mfumo endeshi unaamini wenyewe ndio mkuu wa prosesa na una haki ya kutoa amri nzito. Mpangaji akitoa amri nzito, mwenye nyumba lazima aisikie, aizuie, aitekeleze kwa niaba yake kwa namna isiyomdhuru mtu. Prosesa za zamani za Intel zilikuwa na amri kadhaa ambazo mpangaji akizitoa, hakuna kengele inayolia. VMware mwaka 1999 walilizunguka tatizo hilo kwa akili: programu yao ilikuwa inazisoma amri za mpangaji kabla hazijatekelezwa na kuzibadilisha zile za hatari. Kuanzia 2005 kwa Intel na 2006 kwa AMD, kengele ikawekwa ndani ya prosesa yenyewe. Ndiyo hiyo mnayoiona kwenye BIOS, ile mipangilio ya laptopu inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, kwa jina la VT-x au AMD-V.

Na hapo ndipo wengi mnapokwama. Umeweka VirtualBox, unawasha mashine yako, inakataa, inasema VT-x imezimwa. Laptopu haina ubovu. Mtengenezaji aliiacha imezimwa. Ingia BIOS, F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 au F2 kwa Lenovo, tafuta neno hilo, liwashe, hifadhi, toka. Dakika mbili. Kuna kijana aliambiwa na fundi, si hapa mjini, kwamba prosesa yake imekufa nusu. Alikuwa ameshaanza kuchanga hela.

Lingine ni la kobe. Ndiyo, kobe. Angalieni pembe ya chini ya dirisha la VirtualBox, kwenye vialama vile vidogo. Mashine yenu ikienda kwa kusuasua, pale mtaona kakobe ka kijani. Maana yake Windows yenyewe imeshaikamata ile kengele ya prosesa kwa kazi zake za usalama, na VirtualBox inabidi ipite kwa mgongo wake. Wengi humu mmeishi na kobe huyo mwaka mzima mkidhani ni pambo. Anaondoka ukizima kinga ya kumbukumbu kwenye mipangilio ya usalama wa Windows pamoja na vipengele vyake vya mashine pepe, lakini pima mwenyewe: unapunguza kinga ili uongeze mwendo. Mimi kwenye laptopu inayoingia benki nimemwacha kobe wangu atambae.

Sasa RAM, na hapa sina ushairi. Windows 11 ikiwaka tu, hujafungua kitu, imeshakula kama GB 3. Fungua kivinjari na kurasa kumi, hesabu nyingine 2. Mwenye GB 8 anaweza kumkatia mpangaji 3, wakaishi kwa heshima. Mwenye 16 anapumua. Mwenye GB 4, mdogo wangu, mpangaji mwenye dirisha na mapambo usimlete. Mtabanana wote wawili na diski itasaga mpaka asubuhi. Mwekee Debian, aina nyingine ya Linux, isiyo na picha, ya kuandika amri tu, ambayo nusu GB inamtosha, na kwa kujifunzia seva hiyo ndiyo bora zaidi. Au nunua RAM. Vijana wanabishana miezi sita zamu au mpangaji, wakati kipande cha GB 4 cha mtumba kingemaliza ubishi. Fungua kwanza mfuniko uone kama kuna nafasi ya pili. Laptopu nyembamba nyingi RAM yake imechomelewa bodini, haiongezeki.

Ngojeni niwape matumizi mawili ambayo kwenye somo la darasani hamtayasikia. La kwanza ni la mwenye stesheneri. Mnajua wenyewe flashi za wateja zinavyokuja: kila folda imegeuka kuwa njia ya mkato, faili halisi limefichwa, ukibonyeza tu nawe umeambukizwa, na kuanzia hapo unawaambukiza wanachuo wote wanaokuja kuprinti. Kuna dada mmoja hapa mjini nilimwekea Linux kama mpangaji, na kwenye VirtualBox nikamwekea kichujio cha USB, kwamba flashi ikichomekwa wakati mashine pepe inaendesha, iende moja kwa moja kwa mpangaji. Kule Linux faili zilizofichwa zinaonekana wazi na kile kirusi cha Windows hakina pa kushika. Anachukua faili la mteja, anaprinti, siku inakwisha. Bila kile kichujio ingekuwa kazi bure, maana Windows ingeigusa flashi kwanza.

La pili ni letu mafundi wa printa. Zile programu za kureseti kaunta ya wino, mnajua zinapatikana wapi, na mnajua programu ya kulinda virusi inavyopiga mayowe ukizifungua. Mimi nyumbani nimegeuza mambo: mwenye nyumba ni Linux, mpangaji ni Windows, na Windows hiyo ina leseni yake, kwani mpangaji naye anahitaji leseni kama mwingine yeyote. Programu ya kureseti inaishi kwa mpangaji, intaneti yake nimeikata, naipa waya wa USB wa printa, inafanya kazi yake, kisha nairudisha Windows nzima ilivyokuwa jana. Ilichoacha nyuma hakipo tena.

Hiyo kurudisha jana ndiyo niliyowaahidi. Tazameni ukutani. Kwanza, hii ni muhimu kuliko kitendo chenyewe: nimeondoa folda ya pamoja kati ya Windows yangu na huyu mpangaji. Ningeiacha, anachokifuta yeye humo kinafutika na kwangu. Msije mkaenda nyumbani mkaiga bila hatua hiyo. Sasa napiga picha ya hali yake, VirtualBox inaiita snapshot, na mimi naiita kumbukumbu. Sekunde nne. Sasa namwamuru afute kila kitu kuanzia mzizi. Anauliza kama nina uhakika. Ninao. Mnaona mistari inavyokimbia? Vialama vimepotea. Menyu haifunguki. Nikizima na kuwasha… skrini nyeusi, hana hata pa kuanzia. Amekwisha. Narudi kwenye kumbukumbu, nabonyeza rejesha. Nawasha. Huyo hapo, na lile faili nililoliacha wazi bado liko wazi.

Asanteni kwa makofi, ila makofi hayo angestahili shemeji yangu mwaka 2014.

Kuna aliyeinua mkono kule nyuma muda mrefu. Anauliza, kama mpangaji ni mzuri hivyo, zamu ni ya nani? Swali zuri. Ni ya anayehitaji nguvu yote ya mashine. Mpangaji kwenye mahesabu ya prosesa hapotezi kingi. Anapoteza kwenye picha. Kadi ya picha anayoiona ni ya maigizo, kwa hiyo anayechora majengo ya 3D, anayehariri video, anayecheza magemu makubwa, mashine pepe itamchosha. Ni ya anayesoma usalama wa mitandao na anataka kadi ya Wi-Fi yenyewe, maana mpangaji haioni Wi-Fi ya laptopu. Anaona waya tu, mpaka umchomekee kadi ya USB ya pembeni. Ni ya mwenye GB 4 anayetaka Linux yenye sura kamili. Na ni ya yule aliyekaa na mpangaji miezi mitatu na sasa anajua hasa anataka kwenda kufanya nini kule, kwa hiyo safari haimsumbui.

Ukiamua zamu, ushauri wangu mmoja tu: usipasue diski. Weka diski ya pili. Laptopu hizi nene za zamani zina nafasi ya DVD ambayo hakuna anayeitumia. Inatolewa, inawekwa fremu yake, ndani unatia SSD ndogo, diski isiyozunguka. Wakati wa kusakinisha Linux, ichomoe kabisa diski ya Windows, ishike mkononi. Kila mfumo utakuwa na diski yake na mlango wake, na ukitaka kuhama unabonyeza F9 kwa HP au F12 kwa Dell na Lenovo, unachagua diski. Jirani akivuruga diski yake, ya kwako haiguswi, ila sasisho kama lile la Agosti 2024 bado linaweza kukufikia. Na mtu aliyeshika diski yake mkononi hawezi kuifomati kwa kuhesabu vibaya vidole.

Wenye Mac mpya, nyie ni hadithi fupi. Tangu chipu ya M1 ya Novemba 2020, mlango wa Apple wa kuwasha Windows kwa zamu umefungwa. Kwa Windows mmebaki na mpangaji, naye kwa kawaida awe wa aina ya ARM, jamii ya prosesa iliyomo kwenye chipu hizo.

Na wako wasiohitaji kimojawapo. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha saba kushuka chini, ambazo ndizo zimejaa humu, karibu zote Windows 11 haizipokei rasmi. Kama kazi yako ni kuandika, kuperuzi na kujifunza programu, na huna programu inayokufunga kwa Windows, hamia Linux moja kwa moja, uwe na mfumo mmoja, ulale usingizi. Jaribu kwanza kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, uone kama Wi-Fi na sauti vinakubali.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami naziheshimu saa zote mbili, yake na ya bodi mama. Meza nne zile pembeni ni za vitendo. Wanaotaka mpangaji waende kwa vijana wangu wawili pale dirishani. VirtualBox na Ubuntu tumeshazipakua, hamtatumia bando lenu. Wanaotaka zamu waje kwangu, lakini sitaigusa laptopu ya mtu kabla haijapita pale mlangoni, penye lile boksi la diski za nje. Mnanakili kwanza vitu vyenu vyote, mnaandikiwa karatasi, ndipo mnakuja na karatasi. Msijaribu kumbembeleza yule bwana aliyekaa na boksi awaachie mpite hivihivi. Ndiye shemeji.